Dhiki Inapopewa Jina: Kabambare, Kasongo na Historia ya Matatizo ya Jamii

Mwezi Julai 1870 David Livingstone alirudi Kabambare, mahali alipopaita Bambarre katika maandishi yake, akiwa na vidonda vya miguu vilivyomzuia kutembea. Alikaa hapo hadi Februari ya mwaka uliofuata. Karatasi zilikuwa zikimwishia, na wino pia. Alipofika Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba, aliandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, mistari yake ikikatiza maandishi yaliyokwisha kuchapishwa, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za mmea wa nchi ile. Wino huo ulififia hata kurasa nyingi zikawa hazisomeki, mpaka mwaka 2011 wataalamu walipozisoma tena kwa kuzipiga picha kwa miali ya aina mbalimbali.

Habari hii ya karatasi na wino yafaa kutangulizwa, kwa kuwa makala haya yanauliza ni kwa njia gani jamii hutambua kwamba dhiki fulani ni tatizo la jamii, wala si bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Wanasosholojia wamelishughulikia swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1959 C. Wright Mills alitofautisha taabu za mtu binafsi na mambo ya umma. Mwaka 1971 (miaka 100 kamili baada ya mauaji ya Nyangwe tutakayoyaeleza hapa chini, ingawa yeye hakuwa na habari hiyo mawazoni) Herbert Blumer alidai kwamba tatizo la jamii halikai mahali likingoja kugunduliwa. Huzaliwa pale watu wanapolitaja, wanapokubaliwa kulitaja, na hatimaye pale mamlaka yanapolitungia mpango. Dai hilo lina nguvu. Hata hivyo, Blumer aliandika akiwaza jamii moja yenye bunge lake, magazeti yake na lugha yake. Maniema ya kusini, yaani nchi ya Kasongo na Kabambare, haikuwa hivyo. Huko dhiki ilitambuliwa mara mbili: kwanza kwa matendo ya waliofikwa nayo, kisha kwa karatasi za watu wa mbali, na mara nyingi utambuzi wa pili ulifuta ule wa kwanza. Kwa hiyo mwanaisimu ana neno la kusema hapa, maana kufuta huko kulifanyika kwa maneno.

Maneno yenyewe

Neno tunalolitumia maofisini na vyuoni ni tatizo. Asili yake ni tata, yaani hali ya kufungamana kama uzi au nywele. Ndiyo maana tatizo hutatuliwa. Katika Kiswahili kinachosemwa Kasongo na Kabambare, kile kilichoitwa Kingwana, watu husema zaidi matata, shida, mambo, au maneno tu. Anayesema kwamba ana maneno na ndugu yake hana maana ya kuwa wanaongea. Ana maana ya kuwa kuna shauri kati yao linalopaswa kusikilizwa na wakubwa. Hapa pana jambo la kuzingatia. Maneno ya namna hii yana mwenyewe na yana mshitakiwa. Jambo lisilo na mtu wa kulijibia ni vigumu kuingia katika mlango huu. Litaitwa mateso, au litaitwa mapenzi ya Mungu. Nitarudi kwenye nukta hii nitakapofikia ugonjwa wa surua.

Neno la pili ni mwungwana. Katika pwani mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, na kinyume chake kilikuwa mtumwa. Misafara ya wafanyabiashara wa Unguja na pwani, Waarabu kwa Waswahili, ilipoingia Maniema katika miaka ya 1860, neno hili lilisafiri nao na likabadilika njiani. Wafuasi wenye bunduki, ambao wengi wao walikuwa wametekwa wangali vijana au walinunuliwa, walijiita Waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Mtumwa wa jana alikuwa mwungwana wa leo, ilimradi awe na bunduki, kanzu na lugha. Kinyume cha mwungwana sasa kilikuwa mshenzi, yaani mwanakijiji asiyekuwa na mambo hayo matatu. Hivyo neno lililopaswa kusimama mbele ya utumwa na kuuonyesha lilimmeza mtumwa mwenyewe. Sidai kwamba lugha ndiyo iliyoleta utekaji. Bunduki na bei ya pembe za ndovu zilitosha kwa hilo. Nasema tu kwamba lugha ya wakubwa wa Kasongo wa wakati ule haikuwa na mahali pa kuuweka utumwa kama tatizo.

Ushahidi mzuri ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili na ambayo Heinrich Brode aliyachapisha katika miaka ya 1902 na 1903. Humo Tippu Tip anaeleza jinsi alivyoupata utawala wa Utetera: alidai kwamba bibi yake alikuwa mwanamke wa nchi hiyo aliyetekwa zamani na kuchukuliwa na babu yake, kwa hiyo yeye ni mjukuu wa ukoo wa mtemi. Mtemi mzee akasadiki, akamwachia nchi. Msomaji wa leo hushtuka kuona utekaji wa mwanamke ukigeuzwa kuwa hati ya urithi. Msimulizi hashtuki hata kidogo, wala haombi radhi. Kwake hiyo ni hila njema iliyofaulu.

Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871

Soko la Nyangwe lilikusanya watu wa kingo zote mbili za Lualaba. Wauzaji wengi walikuwa wanawake, waliovuka kwa mitumbwi wakileta samaki, vyungu, mihogo na kuku. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba hata vijiji vilipokuwa vitani, wanawake wa soko walipita bila kudhuriwa. Hiyo ilikuwa sheria isiyoandikwa, na yafaa tuiite kwa jina lake: amani ya soko.

Siku hiyo walikuwapo sokoni watu wapatao 1,500. Watu watatu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia na bunduki, wakagombana na mwuzaji juu ya kuku, kisha wakaanza kufyatua. Wengine waliokuwa karibu na kijito wakawapiga risasi waliokuwa wakikimbilia mitumbwi. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wakizama mtoni. Asubuhi hiyohiyo, ng'ambo ya pili, watu wa Tagamoyo walikuwa wakichoma vijiji.

Je, lililotokea liliitwaje? Hapa ndipo tunapoona jambo moja likipata majina matatu.

Kwa wafanyabiashara, kosa lilikuwa la Manilla. Huyu alikuwa mtumwa wa Said bin Habib aliyechanjiana damu na mkuu wa ng'ambo na kufanya naye mapatano yake mwenyewe, kana kwamba alikuwa bwana. Moto na risasi zilikusudiwa kuwafundisha wakuu wa ng'ambo wafanye urafiki na nani. Tatizo, kwa macho yao, lilikuwa ni utovu wa nidhamu.

Kwa Livingstone, jambo hilo lilikuwa utumwa wenyewe, uovu wa kupelekwa mbele ya serikali ya Uingereza. Lakini hata yeye hakufika kwenye jina hilo kwa njia iliyonyoka. Tarehe 4 Februari 1871, pale Kabambare, alikuwa amepokea watu kumi aliotumiwa kutoka Unguja wamfanyie kazi, na watu hao walikuwa watumwa wa matajiri wa Kibaniani. Mpinga utumwa alisubiri nusu mwaka ili apate watumwa wa kumbebea mizigo. Katika shajara ya wino wa mbegu anawalalamikia sana. Na waliolinganisha shajara hiyo na nakala aliyoiandika upya baadaye, na kile kitabu kilichotolewa mwaka 1874 baada ya kifo chake, wameonyesha kwamba habari za watu wake mwenyewe zilipunguzwa na sura ya tukio ikasafishwa. Simwiti mwongo kwa ajili hiyo. Tatizo linalopelekwa mbali halina budi kufungwa vizuri kama mzigo: vipande vinavyochomoza hukatwa.

Kwa wanawake wa soko na watu wa mto, jina la tatu, hatuna karatasi. Tuna matendo. Kwa miezi kadhaa kabla ya Julai, Wagenya wenye mitumbwi walikuwa wamekataa kumwuzia Livingstone hata mtumbwi mmoja, wakimpa ahadi hii na ile. Yeye alilalamika kwamba wanamdanganya. Mimi nasoma kukataa huko kwa namna nyingine. Mto ndio uliokuwa ukuta wao. Bunduki zingevuka kwa mitumbwi tu. Na mgeni yule, hata angekuwa mwema namna gani, alikuwa akiishi na kula pamoja na wenye bunduki. Kunyima mitumbwi kulikuwa ni utambuzi kamili wa tatizo: chanzo chake, njia yake na dawa yake. Wala hawakuliita utumwa kwa ujumla. Uhasama walikuwa wakiujua, na mateka pia walikuwapo kati yao. Kilichokuwa kipya ni watu wasioshika amani ya soko, ambao mtu hawezi kupatana nao hata siku ya soko. Huo ndio utambuzi uliofutwa, kwa sababu haukuwa na mahali katika barua iliyokwenda London.

Tatizo linapopata hazina

Barua za Livingstone zilifika Uingereza mwaka 1872 na zikachochea hasira kubwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alihubiri dhidi ya biashara ya watumwa Paris, London na Brussels, na Novemba 1889 mataifa yakakutana Brussels. Hati ya mkutano ilitiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890. Wengi huikumbuka kwa vifungu vyake juu ya watumwa na bunduki. Kuna jambo jingine lisilokumbukwa sana. Mkutano wa Berlin wa 1885 ulikuwa umeizuia Dola Huru ya Kongo kutoza ushuru wa bidhaa zinazoingia. Mkutano wa Brussels uliiruhusu itoze hadi asilimia 10, ili ipate gharama za kupigana na utumwa. Kuanzia siku hiyo tatizo lilikuwa na jina, lilikuwa na sheria, na lilikuwa na fedha.

Vita vilivyofuata vinajulikana. Nyangwe ilitekwa tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili, na Kabambare Januari 1894. Ni hayo yaliyofuata ndiyo ya kutazamwa. Waliokombolewa hawakurudishwa kwao. Wengi waliandikishwa kuwa askari au wafanyakazi wa Dola, na amri ya tarehe 12 Julai 1890 ilikuwa imekwisha kuipa Dola ulezi wa watoto waliookolewa. Mwaka 1903 E. D. Morel alitoa kijitabu Liverpool ambamo aliiita Kongo ya Leopold dola ya watumwa. Neno lilelile lililohalalisha vita sasa lilimrudia mwenye vita. Laiti neno hilo lisingekuwa na nguvu za kuvuka mipaka, Morel asingekuwa na silaha. Hilo twapaswa kuwakubalia watu wa karatasi: jina likishatolewa, aliyelitoa halimiliki tena.

Utawala wa Ubelgiji ulioanza mwaka 1908 ulikuwa na orodha yake. Kwa macho ya wakuu wa wilaya, tatizo la Maniema lilikuwa uvivu. Sheria ya tarehe 20 Februari 1917 iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyoamriwa kwa siku 60 kwa mwaka, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kongo kulimishwa pamba; wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo ziliongezwa hadi 120. Katika lugha ya sheria kilimo hicho kiliitwa cha kuelimisha. Asiyelima alifungwa au alichapwa fimbo, kwa faida ya elimu yake. Pamoja na uvivu, dini ya Kiislamu nayo iliwekwa katika orodha. Waislamu wa Kasongo waliitwa Waarabishwa, jina lisilotokana nao. Tarika zao zilichunguzwa na polisi. Na kwa kuwa shule zilizopewa ruzuku zilikuwa za misheni, baba Mwislamu aliyetaka mtoto wake asome alipaswa kuhofia ubatizo. Mwaka 1960, mwaka wa uhuru, Armand Abel alitoa Brussels kitabu chake juu ya Waislamu weusi wa Maniema, nacho kilichapishwa na kituo ambacho jina lake lenyewe lilitaja uchunguzi wa matatizo ya ulimwengu wa Kiislamu. Kwamba ukosefu wa shule ndio uliokuwa tatizo la watu hao, hilo halikuwa na kituo.

Surua

Mfano ninaouona kuwa mgumu kuliko yote hauna mwovu ndani yake. Katika miaka ya 1970 Chuo cha Magonjwa ya Tropiki cha Antwerp na serikali ya Zaire waliendesha Kasongo mradi wa huduma za afya uliojulikana baadaye duniani kote kwa jina la mji huo. Madaktari wake walikuwa wamefunzwa kutofautisha mambo matatu: mahitaji kama mtaalamu ayaonavyo, mahitaji kama watu wenyewe wayahisivyo, na yale ambayo watu huja kuyaomba mlangoni pa zahanati. Mambo haya matatu hukutana mahali, lakini hayalingani. Kwa mtu anayechunguza jinsi matatizo yanavyotambuliwa, sioni mahali pengine katika historia ya Maniema ambapo pengo hili lilikubaliwa waziwazi na wenye mamlaka.

Surua ilikuwa katika pengo hilo. Jina ilikuwa nalo, na dalili zake kila mama alizijua. Lakini ilionekana kuwa njia ambayo kila mtoto hupita, kama kuota meno. Hapa ndipo nukta yangu ya awali inaporudi: surua haikuwa maneno. Haikuwa na mshitakiwa, wala hapakuwa na mkubwa wa kulisikiliza shauri lake. Mtoto mmoja alikufa, akaliliwa na kuzikwa. Mwingine naye, katika nyumba nyingine. Ili vifo hivyo viwe jambo moja ilibidi vihesabiwe pamoja, na kuhesabu ni kazi ya daftari.

Daftari lilipofunguliwa, likatoa tatizo lisilotarajiwa. Mwaka 1981 timu ya mradi ilichapisha katika jarida la The Lancet matokeo yake juu ya watoto wa Kasongo wa miezi 7 hadi 35. Chanjo ilipunguza vifo katika umri ule ambao surua huua zaidi. Lakini, kwa hesabu yao, faida hiyo ilipungua kadiri watoto walivyokua, kana kwamba baadhi ya waliookolewa na surua walichukuliwa na mengine. Swali likawa zito: je, tatizo ni surua, au surua ni jina la mlango mmoja tu wa nyumba ambayo tatizo lake ni njaa, maji na umaskini? Uchunguzi wa baadaye, hasa wa Peter Aaby nchini Guinea-Bissau na mwingine wa Bangladesh, ulionyesha kinyume, kwamba chanjo huokoa maisha hata zaidi ya yale ambayo surua peke yake ingeyachukua. Kuhusu chanjo, nadhani waliopinga matokeo ya Kasongo walikuwa na haki, na ni heri kwamba utoaji wake haukusimamishwa. Lakini swali la Kasongo halikufa kwa jibu hilo. Anayepewa dawa ya tatizo lililotajwa huambiwa kwa namna fulani kwamba yasiyotajwa yangoje.

Na yalingoja. Mfumo wa zona za afya uliopangwa Zaire katika miaka ya 1980, zona 306 kwa nchi nzima, ulichota mengi katika uzoefu wa Kasongo. Kilichochotwa kwa urahisi kilikuwa kituo, daftari na orodha ya huduma. Ile desturi ya kuyaweka mahitaji yanayohisiwa na watu kando ya mahitaji ya mtaalamu, na kuuliza kwa nini hayalingani, haikubebeka vizuri. Taarifa ziliandikwa kwa Kifaransa, na kile alichokisema mama kwa Kingwana mbele ya mwuguzi kiliingia humo kikiwa tayari kimepewa jina la ugonjwa.

Leo, katika teritwari ya Kabambare, mabishano makubwa ya majina yako kwenye dhahabu ya Namoya na Salamabila. Sheria ya Madini ya 2002 humruhusu mchimbaji wa mkono kufanya kazi katika maeneo yaliyotengwa tu, naye awe na kadi. Nje ya hapo yeye ni mchimbaji haramu, hata kama alichimba kilima hicho kabla kampuni haijapata hati, na hata kama wazee wake walikichimba katika enzi ya ukoloni. Tangu miaka ya 2010 taarifa zinazotoka huko huzungumzia usalama: makundi yenye silaha, utekaji, mashambulio. Hayo ni kweli, na waliouawa ni watu halisi. Watu wa Salamabila wenyewe, wanapohojiwa, hutaja pia mashimo waliyofukuzwa, mashamba, na ajira walizoahidiwa. Wanayataja kwa neno lilelile la zamani: kuna maneno kati yetu na kampuni. Katika tafsiri ya Kifaransa neno hilo huwa mgogoro, na mgogoro huitiwa askari. Maneno huitiwa kikao, na pande zote mbili huketi.